Dakika 81 za Yes na ugomvi usiokwisha

Ami yangu alikuwa baharia. Kila aliporudi safari na kuteremka Malindi, bandarini Unguja, alikuwa na masanduku mawili, moja la nguo na jengine la santuri, na lile la nguo ndilo alilowaachia wachukuzi. La santuri alilibeba mwenyewe mpaka nyumbani. Humo mlikuwa na Umm Kulthum, mwimbaji wa Misri, mlikuwa na nyimbo za filamu za Kihindi, na mlikuwa na santuri mbili ndani ya ganda moja linalofunuka kama kitabu, lenye picha ya nchi ya ajabu: mawe makubwa, maporomoko ya maji, samaki wanaogelea hewani, na kwa mbali hekalu la ngazi lenye jua nyuma yake. Sisi watoto tuliipenda picha. Muziki wenyewe hakuna aliyekaa nao mpaka mwisho. Ami akiuweka, bibi alikuwa akichungulia mlangoni na kuuliza: "Hawa bado wanatia vyombo sawa, au ndiyo washaanza?"

Albamu ile inaitwa Tales from Topographic Oceans. Ilitoka Desemba 1973, na waliopiga ni Yes, bendi ya Uingereza. Nimeisikiliza miaka mingi sasa, na kila ninapokutana na mtu anayeijua nakutana na ugomvi. Mmoja anaiita kilele cha roki, mwengine anaiita upuuzi wa vijana waliopata pesa mapema wakakosa mtu wa kuwaambia "basi". Anayesema "si mbaya" sijamuona. Ukiwasikiliza kwa makini, lakini, utagundua kwamba wote wanalalamikia au kutetea neno moja, "ndefu", na kila mmoja ana maana yake. Ndiyo maana nimeona niufumue mkeka huu ukindu kwa ukindu. Na nadhani sikio lililolelewa na taarabu lina lake la kusema katika kesi hii.

Kwanza, hiyo ni roki ya aina gani. Mwishoni mwa miaka ya 60 kulikuwa na vijana wa Kiingereza waliochoshwa na wimbo wa dakika tatu, ubeti na kiitikio, ubeti na kiitikio. Baadhi yao walisomeshwa piano, wengine walipitia kwaya za makanisa, wengine walishika jazi. Wakataka wimbo ukue kama unavyokua muziki wa okestra: ubadili mwendo, uingie chumba hiki utokee kile, uzunguke mbali kisha urudi kwenye sauti ya mwanzo ukiwa umepevuka. King Crimson, Genesis, Emerson, Lake & Palmer na hawa Yes wakawa ndio vinara wa mtindo huo, ukaitwa roki progresivu, yaani roki inayokwenda mbele. Ni muziki wa kukaa kwenye kiti. Anayekwenda kuusikiliza hainuki kucheza. Anatulia, na akirudi nyumbani anabishana. (Wageni wanaokuja Shangani kuitafuta nyumba ya Freddie Mercury, aliyezaliwa hapa mjini mwaka 1946, wengi hawajui kwamba Queen nao walianza wakipiga muziki unaokaribiana na roki hii, kabla hawajawa Queen wa viwanja vya mpira.)

Yes waliingia mwaka 1973 wakiwa juu. Mwaka wa nyuma yake walitoa Close to the Edge, ambayo upande wake wote wa kwanza ni wimbo mmoja wa dakika 18 na ushei. Albamu hiyo hata wasioupenda mtindo huu huivulia kofia. Sasa, wimbo mmoja wa upande mzima ukishapokewa vile, fikra inayofuata haihitaji mganga wa ramli: kwa nini zisiwe nne?

Nne hiyo ilitoka kitabuni. Machi 1973, kwenye harusi ya Bill Bruford, mpiga dramu aliyekuwa amewahama Yes na kuhamia King Crimson, mwimbaji wa Yes Jon Anderson alikutana na Jamie Muir, mpiga ngoma wa King Crimson, na Muir ndiye aliyemwelekeza kwenye kitabu cha maisha ya Paramahansa Yogananda, mtawa wa Kihindu, kilichotoka mwaka 1946. Anderson alikwenda nacho Japani kwenye ziara. Humo akakuta tanbihi, maelezo madogo chini ya ukurasa, yanayotaja mafungu manne ya maandiko matakatifu ya Kihindu: shruti, smriti, purana na tantra. Akaona hapo pana vipande vinne vya muziki. Yeye na mpiga gitaa Steve Howe wakaanza kuvisuka kwenye vyumba vya hoteli wakiwa safarini, wakiwasha mishumaa, na usiku mmoja mjini Savannah, Marekani, wakakesha mpaka alfajiri, na kulipokucha umbo la kazi nzima lilikuwa limeshapatikana.

Nitasema jambo hapa na msinielewe vibaya. Hapa kwetu mtu aliyesoma chuoni anajua kwamba hashia ya kitabu inaweza kuwa na elimu kuliko kitabu. Kwa hiyo mimi sicheki kwamba albamu ya dakika 81 imejengwa juu ya tanbihi, ingawa maadui zake wanacheka hadi leo. Kinachonitatiza ni kwamba Anderson, kwa kukiri kwake mwenyewe, hakukielewa sawasawa hicho alichoelekezwa na tanbihi. Aliyachukua majina manne na hisia iliyomjia, akaondoka nayo. Muumini wa hekalu la Hurumzi akiisikiliza albamu hii kutafuta Puranas hatazipata. Atakachokipata ni Mwingereza wa Lancashire anayestaajabu, na kustaajabu nako ni jambo, ila si ufafanuzi wa maandiko.

Walirekodi Morgan Studios, London. Anderson alitaka wakarekodie msituni, wenzake wakataka mjini, na katika kupatana wakaleta msitu studio: mabunda ya nyasi kavu, ua wa mbao, na ng'ombe wa kukatwa kwenye ubao. Anderson akataka sauti yake iwe na mwangwi kama wa chooni kwake, basi akajengewa kibanda cha vigae. Visa hivi hurudiwa kila mara na wale wasioipenda albamu, kama kwamba ng'ombe wa mbao ni ushahidi wa mahakamani. Mimi najiuliza tu, ni nani aliyewahi kusikia ng'ombe huyo kwenye santuri?

Kisha wakafanya kosa ambalo naona ndilo lililouwasha moto. Novemba 1973, kabla santuri haijaingia madukani, waliingia majukwaani Uingereza na kuipiga yote, tena baada ya kuipiga Close to the Edge nzima. Fikiria umekwenda ukumbini kuwasikiliza Culture Musical Club wa taarabu, umevaa, umejitia uturi, noti zako za kutunza zimekunjwa tayari, kisha ukapigiwa saa moja na dakika ishirini za nyimbo usizozijua hata moja. Hujui wapi pa kupiga makofi. Hujui wapi pa kuinuka. Watu waliotoka kumbi zile wakiwa wamechoka walikuwa na haki ya kuchoka, na uchovu wao ukaingia magazetini, na wahakiki wengi wakaiponda. Wakati huo huo santuri yenyewe ilikuwa imeshaagizwa kwa wingi madukani kabla ya siku yake, kiasi cha kupata dhahabu kwa oda tu, na ikapanda mpaka namba 1 Uingereza na namba 6 Marekani. Yaani tangu siku ya kwanza albamu hii ilikuwa na mambo mawili kwa pamoja: imenunuliwa mno na imelalamikiwa mno.

Sasa tuje kwenye neno "ndefu".

Maana ya kwanza ni ile ya mpiga vinanda wao, Rick Wakeman, ambaye amekuwa akiirudia kwa miaka: walikuwa na muziki mwingi kuliko santuri moja, lakini hautoshi santuri mbili, basi wakaujazia. Hoja hii ni nzito kuliko inavyosikika, kwa sababu inamtoa mashitakani mtunzi na kukishitaki chombo.

Santuri ya LP ni mfereji mmoja mwembamba unaozunguka kutoka ukingoni mpaka karibu na kitovu. Besi nzito hutaka mfereji mpana. Ukizidisha dakika kwenye upande mmoja inabidi mifereji ibanwe, na ikibanwa sauti inapungua na uzito unapotea. Kwa muziki wa bendi yenye besi kama la Chris Squire wa Yes, dakika 20 hivi kwa upande ni kipimo cha salama. Haya: mtu ana dakika 55 au 60 za muziki mzuri kichwani. Kwenye santuri moja haziingii. Kwenye mbili zinaacha nafasi tupu. Na kampuni hazikuzoea kuuza santuri moja na nusu. Basi anayekubaliana na Wakeman anaisikiliza albamu akitafuta mahali palipotiwa pamba, na akitafuta atapata.

Watetezi wana jibu. Wanasema vipande vilikuwa vinne tangu kwenye tanbihi, kabla hajaulizwa mtu urefu wa santuri. Vitabu vinne, pande nne. Chombo na maudhui yakalingana, na ajabu iko wapi? Halafu huongeza kwamba pande hazikujazwa mpaka ukingoni: wa tatu una dakika 18 na nusu, wa nne una 21 na nusu. Aliyekuwa akijazia angezisawazisha.

Mimi hapa nawakumbuka watu wetu. Siti binti Saad na wenzake walipovuka kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, sahani za wakati ule za mizunguko 78 zilikuwa zikibeba dakika tatu hivi kwa upande. Wimbo wa taarabu ukumbini haukuwa na saa. Ulikuwa na bashraf ya kufungulia, ulikuwa na beti, kiitikio kikirudi kila kikitakiwa, na mpigaji akipata nafasi ya taksimu, kupiga peke yake anavyotaka, alikwenda nayo mpaka moyo wake utosheke. Yote hayo ilibidi yaingie ndani ya dakika tatu. Tunazipenda sahani zile na tunasema "huo ndio wimbo", kumbe huo ni wimbo uliokunjwa miguu. Kwa Siti chombo kilikata. Kwa Yes, tukimwamini Wakeman, chombo kilivuta. Mashabiki wa roki wanaoshangaa kwamba plastiki inaweza kuamua urefu wa fikra wangeuliza Ng'ambo yetu hapa Unguja, wangejibiwa.

Na chombo kimeendelea kuiandama albamu hii. Ilipokuja CD miaka ya 80, ilikuwa na nafasi ya dakika 74. Dakika 81 haziingii, ikabidi zigawiwe tena kwenye mbili. Kwenye simu leo hakuna kugeuza wala kubadilisha. Unagusa mara moja na pande nne zinamwagika mfululizo. Kijana anayeniambia amejaribu na akashindwa, mara nyingi namuuliza aliisikilizaje, na mara nyingi jibu ni hilo: zote nne kwa mkupuo, akiwa kwenye daladala ya Fuoni. Walioitengeneza walijua kwamba baada ya kila upande mtu atainuka, ataigeuza au kuibadilisha santuri, pengine atakunywa chai kwanza. Ile chai ni sehemu ya mpangilio.

Maana ya pili ya "ndefu" haihusiani na saa. Wanaoitumia wanasema muziki hauendi popote, na hapa ndipo taarabu inapoingia shaurini.

Sisi hatuogopi wimbo mrefu. Umm Kulthum aliimba wimbo mmoja kwa saa nzima. "Enta Omri" ya mwaka 1964, waliyokutana kwayo yeye na Mohamed Abdel Wahab, huwafikisha huko. Matamasha yake ya Alhamisi ya kwanza ya mwezi yalirushwa na redio ya Cairo na watu wakaacha shughuli zao. Taarabu yetu ilikunywa kisima hicho hicho tangu Sultani Barghash alipomtuma Mohammed Ibrahim kwenda Misri kujifunza kanuni, chombo cha nyuzi, na Nadi Ikhwan Safaa walipojikusanya mwaka 1905. Kwa hiyo mtu wa Unguja akisema albamu ya Yes ni ndefu, msihi aeleze, kwa sababu yeye huyo huyo amekaa mpaka saa saba za usiku akimsikiliza mwimbaji mmoja akiurudia mstari mmoja.

Lakini tazama urefu wa Umm Kulthum unatoka wapi. Anaimba mstari. Ukumbi unaguna, unapiga kelele, unamtaka aurudie. Anaurudia, ila mara hii anauzungusha kwa njia nyengine, anapanda kidogo, anakawia kwenye silabi moja. Wanapagawa, anaurudia tena. Urefu ule umetengenezwa na watu wawili, mwimbaji na msikilizaji, na usiku ukiwa baridi wimbo ule ule unakuwa mfupi. Kwetu pia mwimbaji akiona akina mama wanainuka mmoja mmoja na noti mkononi, hawezi kufunga wimbo.

Urefu wa Yes uliamuliwa usiku wa mishumaa na watu wawili hotelini. Msikilizaji hana mkono humo. Ukiguna, wanaendelea. Ukichoka, wanaendelea. Pahala ulipopapenda panapita, na pengine hapatarudi mpaka dakika kumi na tano baadaye, pakiwa pamevaa nguo nyengine, kwenye upande mwengine kabisa. Sauti zinarudi, hilo wanaosema muziki hauendi popote wanalikosea: sauti ya gitaa inayosikika upande wa kwanza inachomoza tena wa nne, na mtu aliyeisikiliza mara tatu anaitambua kama anavyomtambua jirani aliyekutana naye Dar es Salaam. Ila inarudi kwa amri ya mtunzi. Bibi yangu hakuwa na haja ya wimbo mfupi. Alitaka wimbo unaomjua kama yupo. Hiyo ndiyo tafsiri yangu ya swali lake, na ndiyo kasoro pekee ya albamu ambayo sijapata mtetezi wa kuniondolea.

Kuna maneno pia. Mashairi ya Anderson ni tatizo kwa wengi, kwa sababu sentensi zinaanza na hazifiki. Watetezi husema ni fumbo. Na sisi watu wa mafumbo tunafaa kuulizwa. Fumbo la taarabu lina anwani: mwimbaji anamsema kuku, au embe bovu, au jirani asiyekuwa na jina, na ukumbi mzima unajua nani amepigwa, na aliyepigwa naye anajua, maana ndiye anayeinuka kwa hasira au ndiye anayejifanya kutengeneza buibui. Fumbo bila anwani silo fumbo. Anderson mwenyewe ameshasema mara nyingi kwamba huchagua maneno kwa mlio wake, anavyoyachagua mpiga kinanda funguo zake. Ukishakubali hivyo, unaacha kumuuliza maana na unaisikiliza sauti yake kama nai, yaani filimbi. Upande wa kwanza unafunguka kwa maneno mafupi mafupi ya sauti moja yanayokuja yakipandana, mfano wa watu wanaoleta uradi, na hapo kuelewa hakuhitajiki. Matatizo yanaanza anapopunguza kasi na kuonekana anatufundisha kitu. Hapo nami huwa natamani angenyamaza akampisha Howe.

Kuhusu Wakeman lazima nirudi, kwa sababu mashabiki wengi wanaoichukia albamu hii wanamshika yeye kama shahidi mkuu. Shahidi wa ndani, ni kweli, ana uzito. Studio ya jirani pale Morgan walikuwamo Black Sabbath, na Wakeman akawa anashinda huko kuliko kwao, mpaka akawapigia kinanda kwenye wimbo wao mmoja, "Sabbra Cadabra", na malipo yake yakawa bia. Kwenye ziara, kama anavyosimulia mwenyewe, siku moja Manchester fundi wake wa vinanda alimuuliza atakula nini baada ya onyesho, akamtajia mchuzi wa Kihindi na vikorombwezo vyake. Fundi akadhani anautaka pale pale, akaleta, na Wakeman akaula jukwaani katikati ya muziki. Mei 1974 akaihama bendi.

Lakini shahidi huyu ana doa la ajabu. Ukiwauliza wapenzi wa vinanda ni wapi kwenye albamu hii vinanda vinatawala, wengi watakupeleka upande wa pili, "The Remembering", ambako kinanda chake cha Mellotron kinatanda kama ukungu wa asubuhi na chini yake kila kitu kinaelea. Aliyedai albamu ilijaziwa alipiga pale vizuri kuliko pengi. Tena mtu anaweza kuwa na haki ya kuihama kazi bila ya kuwa na haki juu ya kazi yenyewe. Fundi seremala anaweza kugombana na tajiri, akaondoka kwa hasira, na mlango wake ukabaki umesimama Mkunazini mpaka leo.

Kundi la wanaoigawa albamu nusu kwa nusu ndilo kubwa, na msimamo wao ni rahisi: upande wa kwanza na wa nne ni dhahabu, wa pili na wa tatu ni wa kuvumilia. Bendi yenyewe imewaunga mkono kwa vitendo. Mwaka 2016, Squire akiwa ameshafariki mwaka mmoja kabla, Yes walizunguka Marekani wakipiga pande hizo mbili, wa kwanza na wa nne, na baadaye wakaongeza kipande kidogo kutoka wa tatu. Upande wa pili haukualikwa kwenye safari zile.

Nakubaliana nao juu ya wa nne. Unaitwa "Ritual" na jina lake la pili ni la Kifaransa, Nous Sommes du Soleil, sisi ni wa jua. Una besi la Squire linaloimba kuliko mwimbaji, kisha katikati ngoma zinachukua kila kitu. Jukwaani Squire na Anderson waliziacha kazi zao wakaenda kumsaidia mpiga dramu Alan White kupiga. Mtu aliyekulia kwenye kidumbaki anaamka hapo hata kama alikuwa amelala tangu Desemba 1973. Halafu ngoma zinakatika na inabaki sauti moja na kinanda. Sijui watu wangapi wangeipenda albamu hii kama wangeanzia hapo.

Juu ya wa pili siafikiani nao nusu. Juu ya wa tatu siafikiani nao kabisa, na nitasema kwa nini mwishoni.

Ipo sababu nyengine ya ugomvi isiyokuwa ya muziki. Mwaka 1976 na 1977 walikuja vijana wa panki na nyimbo za dakika mbili, wakahitaji adui, na adui alikuwa tayari amevaa: majoho, vinanda kumi, picha za samaki wanaoruka. Albamu hii ikawa mfano wa kila kilichooza, na wengi waliorithi hukumu hiyo hawajawahi kuisikiliza. Ni kama vijana wanaokwambia taarabu asilia inalaza, au wazee wanaokwambia rusha roho si taarabu. Uliza kila mmoja alisikiliza lini ya mwenzake.

Na sasa hata "albamu ile" si moja tena. Toleo la mwaka 2003 lilirudisha utangulizi wa dakika mbili uliokuwa umekatwa kwenye upande wa kwanza, sauti zinazokuja na kurudi kama mawimbi kabla ya uradi kuanza. Mwaka 2016 fundi wa sauti Steven Wilson aliichanganya upya, na vyombo vilivyokuwa vimezama kwenye tope vikaonekana. Waliokulia na santuri ya zamani wengine wanaona ameitia dawa ya kung'arisha. Mimi nilishawishika na mawimbi yale tangu mara ya kwanza, na sijifichi: nimezaliwa kisiwani.

Upande wa tatu. Unaitwa "The Ancient", na dakika zake 12 za mwanzo ni ngumu. Gitaa la Howe linalia kama chuma kinachokokotwa, ngoma zinagonga bila kukupa pa kushika, Anderson anataja jua kwa lugha tofauti tofauti. Ndio upande aliouchungulia bibi, nina hakika. Kisha yote yanatulia, na Howe anachukua gitaa kavu lisilo umeme, na kwa dakika sita za mwisho anapiga peke yake, kisha na sauti ya Anderson, jambo ambalo mpiga udi yeyote atalijua kwa jina.

Mwaka juzi nilimpelekea mzee mmoja anayetengeneza udi, ambaye roki kwake ni kelele za hoteli za watalii. Nilimwekea dakika zile sita tu, nikamficha zilizotangulia, maana nilitaka apende. Alisikiliza mkono ukiwa kwenye tumbo la udi aliokuwa akiupiga msasa. Ilipokwisha akauliza huyu ni nani, nikamwambia. Akauliza ameanzia wapi mpaka kufika hapa, kwa sababu, alisema, mtu haanzi hivyo, huyu ametoka mbali. Nikamwambia kuna dakika 12 kabla yake, lakini ni fujo, hutozipenda.

Akauweka udi chini. "Hebu irudishe mwanzo," akasema.